Mkono wa Mama Mkwe

Kama kuna mwanamume duniani aliyemwogopa mama mkwe wake kuliko Gego, basi bado hajajitokeza. Na wala mama wa watu hakuwa mkali. Alikuwa mcheshi, mkarimu, mwepesi wa kusamehe na mwepesi zaidi wa kucheka. Ila Gego alilelewa kwamba mkwe hatazamwi, naye akaling'ang'ania hilo kama kupe. Miaka kumi na moja ya ndoa alikuwa akimwamkia mama huyo huku macho yameganda sakafuni. Ungemuuliza mama mkwe wako ana sura gani, angekujibu ana ndala za bluu, ya kushoto imeungwa kwa waya.

Jina la Gego alipewa na mtaa kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa fundi wa meno bandia. Madaktari walichukua alama za vinywa vya wagonjwa, wakamletea, naye akachonga, akamimina, akapaka rangi, akasugua, na baada ya wiki moja mtu aliyezoea kucheka huku kaziba mdomo kwa kiganja alicheka mpaka gego la mwisho likaota jua. Chumba chake cha kazi kilikuwa uani. Kilikuwa na dirisha moja, meza ndefu yenye makovu ya moto, na rafu tatu zilizojaa mataya ya plasta yanayomkenulia kila anayeingia. Harufu ya nta haikutoka humo hata mlango ukishinda wazi.

Chumba cha mbele kilikuwa cha mkewe, mpambaji wa wanawake. Huko kulikuwa na viti viwili vya kuzunguka, vikopo vya rangi za uso visivyo na hesabu, na wanawake wanaosubiri zamu yao huku wakisubiri habari. Watu walikuwa wanaingia na kutoka kama kwenye mlango wa soko. Na ndani ya nyumba iliyochangamka namna hiyo, mama mkwe alikuwa amejifungia chumba cha nyuma.

Haikuwa tabia yake. Miaka ishirini na sita mama huyu aliuza mikate kwenye kaunta ya duka moja la mikate, na watu walikuwa wakisema mkate ni kisingizio tu. Ulikuwa unaenda pale kujua nani kahama, nani kachumbia, nani kachumbia na kuhama. Kisha siku moja kitambaa kilinasa kwenye mashine ya kukanda unga, yeye akanyoosha mkono kukitoa. Mkono wa kushoto haukurudi. Daktari alishona juu kidogo ya kifundo cha mkono, kidonda kikapona, na binti yake, mke wa Gego, akamleta akae nao nyumbani. Tangu hapo ilikuwa miezi kumi na minane. Mgeni akibisha hodi, mama anaingia chumbani. Akitoka, mtandio umeanguka juu ya mkono ule. Wateja wa dukani walisikia tu kwamba kaumia. Kaumia vipi, hakuna aliyeambiwa. Aliyekuwa gazeti la mtaa mzima akageuka bahasha iliyofungwa kwa gundi.

Hospitali walimpa kulabu ya chuma. Mama aliishukuru, akaitundika msumarini, akaning'iniza kikapu cha vitunguu. Wakauliza bei ya mikono ile inayofanana na mkono wa mtu kweli, inayoagizwa ng'ambo. Bei ilipotajwa, mke wa Gego aliomba irudiwe, akidhani ni namba ya simu.

Basi mwanzoni mwa mwezi ule akaja mwenye duka la mikate. Alikuwa mtu mwema, ingawa kwa ubahili wafanyakazi wake walimwita Mkono wa Birika. Alisimama nje ya mlango wa chumba cha nyuma, akasema na mbao.

"Mama, kiti chako kipo. Nimekiweka mwaka na nusu, wateja wananiuliza kila kukicha. Lakini mwezi huu ukiisha, nisamehe, nitamkalisha mtu mwingine."

"Asante, bosi," ikajibu sauti ya ndani. "Mkalishe tu."

Mpambaji alisikia neno hilo, akaacha mteja wake na nyusi moja. Akatoka moja kwa moja hadi uani.

"Mume wangu, umesikia? Kaunta ile ndiyo roho yake. Akikubali kuiacha, hatatoka tena chumba kile mpaka abebwe."

"Nimesikia."

"Wewe unatengenezea watu meno wanatafunia mifupa. Mkono utakushinda?"

Gego alijikuna kisogo. "Mkono si jino."

"Ni jino kubwa," alisema mkewe. "Anza."

Akaanza. Na haki ya mtu apewe, fundi alikuwa fundi. Hakutaka mkono wa kuagiza vitu ng'ambo, alitaka wa vitu vinavyopatikana mtaani. Mpira laini alinunua kwa kilo kwa watu wanaotengeneza sanamu za bustani. Ndani ya vidole aliweka waya za breki za baiskeli, ili ukikikunja kidole kwa mkono mzima kibaki vilevile ulivyokikunja, kishike mfuko au kikandamize karatasi. Sehemu ya juu ilikuwa ya kuvaa kama soksi. Vyote pamoja gharama yake haikufika jozi mbili za viatu vya ngozi.

Palibaki umbo. Huwezi kumimina mkono wa kushoto kwenye alama ya mkono wa kulia, kidole gumba kitakwenda kusikotakiwa. Alihitaji mkono wa kushoto wa mtu. Kwa kuwa kila mtu alisema binti kachukua mikono ya mamaye, akamwita mkewe, akamtumbukiza mkono kwenye ndoo ya ule unga wa kuchukulia alama za meno, uliokorogwa kama uji mzito.

"Usicheke," alimwambia.

"Unanitekenya!"

"Basi cheka kwa mkono mmoja."

Siku ya kumi na mbili mkono ukawa tayari. Gego alikuwa ameulainisha kama anavyolainisha meno. Mikunjo aliisugua ikaisha, kucha akazipanga sawasawa, akapaka rangi moja safi kutoka mwanzo hadi mwisho. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya kazi yake. Tangu aanze kuchonga hajapata mteja aliyetaka kurudishiwa meno yake ya zamani, yenye mapengo na madoa. Mtu akija kwa meno anataka mazuri kuliko aliyopewa na Mungu. Na kwa mama mkwe tena! Angethubutuje kumwekea mkunjo?

Akaupeleka Jumapili mchana, umefungwa kwenye kitambaa cheupe. Nyumba ilikuwa imejaa, na katikati ya sebule alikuwepo Mama Mdogo, mdogo wake mama mkwe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele ambaye mtaa ulimwita Tangazo. Mama mwenyewe walimtoa chumbani kwa kumbembeleza.

Gego aliweka kitambaa mezani, akarudi nyuma hatua tatu, akaangalia ndala za bluu.

Mama alikifungua. Akaunyanyua mkono, akaugeuza, akauweka mezani kando ya ule wake wa kulia.

"Mzuri," alisema taratibu. "Mzuri kweli. Sasa huyu binti wa watu ameolewa?"

Tangazo akapasuka. "Dada! Mkono huu haujaosha hata kikombe! Ukiubebesha sahani unakwenda kukushtaki!"

Sebule nzima ikacheka, mama mwenyewe akacheka, hata Gego akatabasamu kwa kichwa kilichoinama. Kisha mama akaufunga tena mkono kwenye kitambaa chake, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto wa jirani aliyelala.

"Asante sana, mwanangu. Umejisumbua. Lakini nikisimama nao kaunta, watu wataangalia mkono, hawataangalia mkate." Akauvuta mtandio, akaingia chumbani. Mlango ukafungwa bila kelele.

Gego alirudi uani, akakaa kati ya mataya. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane.

Kesho yake akaanza upelelezi. Alimwendea Tangazo, akamwomba amweleze mkono wa dada yake ulivyokuwa.

"Kidole cha mwisho kilipinda," alisema Tangazo. "Alibanwa na mlango tukiwa wadogo."

"Hakikupinda cha mwisho," mpambaji akaingilia. "Ni cha kati, Mama Mdogo."

"Utaniambia mimi? Mlango niliufunga mimi!"

"Na kovu la tanuri lilikuwa wapi?" mpambaji akamjaribu.

"Huku juu."

"Huku chini!"

Mwisho Tangazo akajitolea mkono wake mwenyewe, damu ni moja. Gego akautazama mkono wa Tangazo, umeumuka kama donge la unga lililosahauliwa karibu na jiko, akamshukuru kwa moyo wote. Akafungua sanduku la picha. Picha zilikuwa mia na zaidi, mama yumo karibu zote, na katika zote mkono wa kushoto hauonekani. Uko begani mwa huyu, mgongoni mwa yule, kiunoni mwa bibi harusi. Mtu wa watu huyo, mkono wake haukuwahi kukaa peke yake upigwe picha.

Siku zikaenda. Siku ya kumi kabla ya mwisho wa mwezi, Gego alikuwa mezani kwake na kazi ya kawaida kabisa, taya la mwanamume aliyepoteza jino la chonge upande wa kushoto. Kwa kazi kama hiyo hukisii. Unamtazama mwenzake, chonge la kulia, kupitia kioo kidogo cha duara, kulia kunakuwa kushoto, nawe unachonga nta unachokiona. Alikuwa amekwisha kufanya hivyo mara elfu. Akatia kisu, akatazama kiooni, akatia kisu tena.

Kisu kikasimama.

"Mimi ni mjinga," aliyaambia mataya, nayo yakamkenulia.

Mwenzi wa mkono ule alikuwa yumo humu humu ndani. Alikuwa anammiminia chai kila asubuhi, na kabla ya hapo kila alipokwenda kumsalimia kwake. Miaka kumi na moja kikombe kimetoka kwenye mkono ule kikaingia kwenye wake, na Gego hakujua hata kama una kucha ndefu au fupi.

Akamfuata mkewe chumba cha mbele, akamvuta pembeni, nyuma ya kiti. "Nataka kumchonga mama kwa kutazama mkono wake wa kulia. Nataka saa nzima, mwanga wa kutosha, na nimshike vidole. Nitamwambiaje?"

"Mwambie hivyohivyo."

"Mwambie wewe."

"Nimwambie akwambie kwamba nimekwambia umwambie?" Mpambaji akarudi kwenye nyusi. "Mume wangu, nina wateja. Nenda."

Wanawake watatu waliokuwa wanasubiri zamu walimsindikiza kwa macho mpaka mlango wa chumba cha nyuma.

Akabisha. Akakaribishwa. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mtandio umefunika kama kawaida. Gego alisimama mlangoni, akainamia ndala za bluu.

"Mkwe," alisema mama, "kama una neno, niambie mimi. Ndala zangu hazisikii."

Basi akasema. Alisema haraka, bila nukta, chonge la kulia na chonge la kushoto, kioo, nta, mkono wa binti, kosa lake.

"Ndiyo maana ulinipa mkono wa binti yangu," alisema mama. "Miaka yote hii unakunywa chai yangu na hujaniona."

"Ni heshima, Mama."

"Najua ni heshima. Lakini mficha uchi hazai, mwanangu. Mimi nimeficha, wewe umeinama, na mwezi unakwisha." Akasimama. "Haya. Twende huko kwenye mataya yako."

Gego alikuwa amechukua kioo kirefu cha mkewe, kile cha kuegemeza ukutani, akakisimamisha katikati ya meza yake kama ukuta. Alimkalisha mama karibu na dirisha. Akamwomba aweke mkono wa kulia upande wa mbele wa kioo, na ule mwingine uende nyuma yake, usikoonekana. Mama akatoa mtandio. Gego alisikia kitambaa kikianguka kitini, akainua macho, akaanza kutazama.

Alitazama kama fundi. Aliona vifundo vilivyonenepa kwa kazi, ngozi iliyokauka na kung'aa juu ya mishipa, mstari mwembamba wa kisu cha mkate kwenye kidole cha shahada, ukucha wa gumba uliopasuka na kuota vibaya. Aliona kwamba mkono uliopumzika haukunjuki. Ulikaa nusu umefumba, kana kwamba bado kuna mkate ndani yake. Akashika kalamu, akachora alichokiona kiooni, mstari kwa mstari, na kadiri alivyochora ndivyo woga ulivyomtoka asijue umetokea wapi.

"Mama, na wewe hebu angalia humu kiooni. Niambie kama gumba la kule lilikaa hivi."

Mama akainama, akatazama.

Ndani ya kioo kulikuwa na mkono wa kushoto, mzima, umelala mezani mahali pake hasa. Akatikisa vidole. Vile vya kiooni vikatikisika. Akafumba ngumi, ikafumba. Akaifumbua.

"Ulikuwa wapi wewe?" aliuambia.

Gego akaweka kalamu chini.

"Miezi yote hii unaniwasha," mama aliendelea kuusemesha, "unaniwasha hapa juu ya kidole cha pete, nami nikitaka kukukuna nakuta hewa." Akageuka. "Mkwe, nawashwa hata sasa hivi. Nikune."

"Mimi, Mama?"

"Kuna taya lingine humu lenye vidole? Huu hapa wa kulia, ukune pale pale. Mimi nitaangalia kioo."

Kwa hiyo Gego, mtu aliyekuwa hajui mama mkwe wake ana sura gani, akajikuta anamkuna mama mkwe. Alikuna juu ya kidole cha pete, kidogo kidogo, kwa ukucha mmoja. Mama alikodolea kioo bila kupepesa. Kisha mabega yake yakashuka, pumzi ndefu ikamtoka, machozi na kicheko vikaja pamoja kama wapita njia wanaogombea mlango.

"Hapo," alisema. "Hapo hapo. Aa! Mwaka mzima na nusu!"

Baada ya hapo kinywa kilifunguka. Kila jioni, kazi za siku zikiisha kabla jua halijazama, mama alikwenda uani, akakaa karibu na dirisha, akasema. Gego alichonga nta, mama alisahihisha. Hapana, kovu la kisu ni la huku, ule wa kushoto ulikuwa na la tanuri, refu, linaanzia hapa. Lilipatikana siku bosi alipojaribu kupika mwenyewe kuokoa mshahara wa mpishi, tanuri likatoa moshi hadi polisi wakaja, ngoja nikuhadithie. Na kidole kilichopinda ni cha pili kutoka mwisho; Tangazo alifunga mlango kweli, lakini amemsingizia kidole kingine. Mpambaji alivisikia vicheko vile kutoka chumba cha mbele, akaja na vikopo vyake vya rangi, wateja wake wakamfuata na vichwa vyenye vibanio. Siku ya tatu Tangazo alileta kiti chake mwenyewe. Chumba kikajaa mpaka mataya yakahamishiwa chini ya meza.

"Weka rangi ya hudhurungi zaidi kwenye vifundo," mpambaji aliagiza. "Mwili hauna rangi moja, mume wangu. Ningempaka bibi harusi rangi moja ningepigwa."

"Kiganja kiwe cheupe kuliko juu," alisema mmoja.

"Kiganja chake kilikuwa na unga daima," alisema Tangazo. "Mnyunyizieni unga mmalize."

Gego alitega sikio kwa wote. Mpira aliumimina tabaka kwa tabaka, na katikati ya matabaka akatawanya zile nyuzi nyekundu nyembamba wanazotumia mafundi wa meno ndani ya fizi bandia, ili fizi ionekane ina damu. Mishipa akailaza kwa uzi wa bluu iliyofifia. Kucha akazitengeneza kwa vitu vilevile vya meno, na ule mmoja akaupasua kwa makusudi, jambo ambalo vidole vyake vyenyewe vilikataa mara mbili kabla ya kukubali.

Siku mbili kabla ya mwezi kwisha, alipokuwa anamalizia kusugua, mama akamshika kiwiko.

"Kovu langu la tanuri liko wapi?"

Gego akaangalia. Lilikuwa limekwisha. Mazoea ya miaka ishirini yalikuwa yamelifuta bila kumwuliza mwenyewe.

"Nisamehe, Mama. Mkono wangu uliona doa, ukasafisha."

"Rudisha."

"Lakini ukiwa bila kovu utakuwa—"

"Utakuwa wa binti wa watu. Rudisha kovu langu, Gego."

Alimwita kwa jina la mtaani kwa mara ya kwanza. Gego akarudisha kovu, milimita kwa milimita, na mama akiwa amesimama begani pake kama msimamizi wa mtihani.

Asubuhi ya siku ya mwisho ya mwezi waliondoka nyumbani wote. Njiani walikula kiapo. Mama alikuwa na sharti moja tu: asiambiwe mtu. Atakayeuliza, jibu ni moja, nimepona. Hakutaka macho, hakutaka pole, alitaka kuuza mikate. Wote waliapa, na Tangazo aliapishwa mara tatu.

"Mnanionaje kwani?" alilalamika.

"Tunakuona vizuri," alisema mpambaji.

Mwenye duka alipomwona mama akivuka kizingiti na mikono miwili, alifungua mdomo, akaangalia uso wa Tangazo uliovimba kwa kunyamaza, akaufunga. Akavuta kiti. Mama akapita nyuma ya kaunta, akavua mtandio, akautundika.

Gego alijibanza kando ya rafu za mikate, akashika mkate mmoja na kuukagua kama anayetafuta kasoro. Mteja wa kwanza aliingia, mwanamke mwenye haraka.

"We! Mama! Tulisikia umeumia mkono!"

"Nimepona," alisema mama. Akafungua mfuko wa karatasi, akausimamisha katika vidole vya kushoto vilivyokunjwa tayari, akatia mikate miwili kwa wa kulia. Mwanamke alipokea, akalipa, akaenda zake.

Hakuona. Akaja wa pili, hakuona. Wa nne alikuwa fundi cherehani, mtu anayeona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara. Mfuko ulipita mbele ya pua yake na mkono umeushika, kovu, ukucha uliopasuka na vyote, naye akauliza tu kama mikate ya leo ina chumvi. Saa moja ikapita. Foleni ilifika nje. Gego alipumua kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Ilikuwa imekwisha. Ilikuwa imefanikiwa kiasi kwamba hapakuwa na cha kuonekana.

Lakini alipomtazama mama akaona jambo la ajabu. Mama hakuwa ametulia. Anakaa, anainuka, anang'ata mdomo, anatazama foleni, anatazama dari. Alikuwa na uso wa mtu aliyemeza kaa la moto. Na hapo ndipo Gego alipoelewa, akaanza kutikisa kichwa kutoka kule pembeni, usifanye hivyo, Mama, usifanye.

Mbele ya foleni sasa alikuwepo bibi mwuza magazeti, mpenda habari mwenzake wa tangu enzi. Alipokea mkate wake, akaugulia. "Tangu uondoke, mama, mtaa huu umepooza. Mwaka mzima hatujapata habari ya maana. Na wewe ndiyo umerudi hivyohivyo, mikono mitupu?"

Kwa hilo hakuna binadamu ambaye angevumilia.

"Mitupu?" alisema mama. "Hebu nishikie huu."

Akauvua mkono wa kushoto, akamwekea kiganjani.

Mayowe yalifika hadi kwa majirani. Bibi mwuza magazeti alikaa juu ya gunia la unga, mkono bado kaushika, hataki kuuachia. Foleni ikavunjika, ikawa duara. Tangazo, kiapo kimekufa, alilipuka kama maji ya bomba lililopasuka, akaanza kusimulia tangu mwanzo, mlango, kidole, na yote. Mama naye anasimulia kwa upande wake, kwa sauti kubwa kuliko ya mdogo wake, mkono uliokatika uko wazi mbele ya watu, anaupunga hewani kusisitiza maneno.

"Mkwe wangu huyo pale! Huyo anayejificha nyuma ya mikate! Kauchonga kwa kioo, kama jino! Si wa ng'ambo huo, una waya za baiskeli!"

Mkono ulipita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Walikunja vidole, wakavikunjua, wakautia puani, wakaukuna. Mwenye duka alipiga kelele kwamba mikate inapoa, hakuna aliyemjibu.

Kulikuwa na mwanamume mmoja, mteja wa miaka mingi, mtu wa koti na maneno machache, ambaye kila alipokuja alilipa kwa mkono wa kushoto na wa kulia umo mfukoni. Mtaa ulishakata shauri kuhusu mfuko ule zamani. Ni maringo, walisema, na aliyesema zaidi alikuwa mama mwenyewe. Mtu huyo sasa alisogea taratibu hadi kwenye kaunta. Akautoa mkono mfukoni, akaulaza juu ya mbao. Vidole vitatu havikuwepo.

Duara likasogea karibu.

"Na vidole," alimuuliza Gego, "unachonga?"

Gego alitoka nyuma ya mikate. Akaushika mkono ule bila kuomba ruhusa ya mtu, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akatazama na mwenzake.

"Nachonga," alisema. "Lakini usiniombe vidole vizuri kuliko hivi ulivyobaki navyo."

Mama alikuwa anamkodolea mwenye koti. "Kumbe! Na mimi miaka yote nasema wewe una maringo."

"Na mimi miaka yote nasema wewe una umbea," alijibu mtu yule.

"Basi mmoja wetu hakukosea," alisema mama, akamfungia mkate wake kwa mkono mmoja, maana ule mwingine ulikuwa umeshafika mwisho kabisa wa foleni, nje barabarani, unasalimiana na watu.